Betri mbovu majumbani: ajali hii ina kinga

Ndugu msomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria, wala kuhara, wala kifua kikuu. Unazungumzia kitu kidogo ambacho huenda kipo mezani pako, au chini ya mto wako, au kimening'inia ukutani karibu na kitanda cha watoto. Kitu hicho ni betri ya kuchaji.

Wengine watauliza: betri na afya wapi na wapi? Jibu ni kwamba betri mbovu huunguza ngozi, hupofusha macho, huchoma nyumba, na kwa njia ya polepole zaidi hudumaza akili za watoto. Mtu akishaungua tunasema, "Ajali haina kinga." Mimi sikubaliani na msemo huo, walau katika jambo hili. Wazee wetu walisema pia, "Tahadhari kabla ya hatari." Ajali nyingi za betri zina chanzo kinachojulikana, na kwa hiyo zina kinga. Hoja yangu ni kwamba kinga hiyo isiachwe mikononi mwa mnunuzi maskini peke yake. Wapo wenye wajibu mkubwa kuliko yeye, nao nitawataja.

Zimefikaje kwetu?

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, kwa sababu Mkoa wa Kigoma ulikuwa haujaunganishwa na gridi ya Taifa. Vijijini hata umeme huo haukufika. Mwanga ulikuwa koroboi, taa ya chemli na moto wa jikoni. Ukitaka kusikiliza redio, ulinunua betri kavu dukani, na zikiisha nguvu ulizianika juani ili zikupe taarifa ya habari ya siku moja zaidi.

Kisha zikaja simu, tochi za kuchaji, taa za sola na redio zenye betri ndani. Nguzo za umeme nazo zinaendelea kufika, lakini nguzo kupita kijijini si sawa na nyumba kuwashwa taa. Kwa hiyo hata leo familia nyingi za nyanda hizi za juu huishi kwa umeme wa betri. Mwenye saluni ana betri ya gari. Mwenye banda la kuchajia simu ana paneli juu ya bati na betri mbili tatu chini ya meza. Mwanafunzi ana taa ndogo ya sola. Mama anayeamka alfajiri kwenda kisimani ana tochi.

Haya ni maendeleo, na sisemi tuyakatae. Moshi wa koroboi huharibu mapafu na macho, na mafuta ya taa yameunguza watoto wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Asije mtu akasoma ukurasa huu akarudi kwenye kibatari. Tatizo langu ni betri mbovu inayouzwa kana kwamba ni nzima, tena inauzwa kwa yule asiye na namna ya kuipima.

Kuna nini ndani ya betri?

Ili tuelewane, inafaa tujue aina mbili zilizo nyingi zaidi kwetu.

Ya kwanza ni betri ya risasi. Iligunduliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo ndiyo betri ya gari na ya pikipiki. Ndani yake mna vibao vya madini ya risasi vilivyozama katika tindikali kali, ile ambayo mafundi huiita maji ya betri. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Usidhani kwamba kwa kuwa huna gari basi huna betri ya risasi. Fungua tochi nyingi za kuchaji za bei ya chini, ndani utakuta kisanduku kidogo chenye maandishi ya volti 4. Hiyo nayo ni betri ya risasi, mdogo wake ile ya gari.

Betri hii inapochajiwa kupita kiasi hutoa hewa ya haidrojeni. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, lakini ikifikia sehemu 4 tu kati ya 100 za hewa ya chumbani, cheche moja inatosha kuilipua. Cheche inaweza kutoka kwenye waya uliolegea, kwenye kiberiti, au kwenye koroboi ambayo mtu ameisogeza ili achungulie kama maji ya betri yamepungua. Betri ikipasuka, tindikali huruka usoni. Jicho likipata tindikali na lisioshwe haraka, linaweza kupofuka.

Ya pili ni betri ya lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani iliitoa sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya betri hiyo. Ndiyo iliyomo katika simu, katika taa nyingi za sola, na katika zile betri za akiba za kuchajia simu ambazo vijana huziita pawabenki. Ifikirie kama mikeka miwili iliyokunjwa pamoja, na katikati yake kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Utando huo ndio unaozuia pande mbili zisigusane. Majimaji yaliyomo ndani yanawaka moto kama mafuta.

Utando ukitoboka, kwa sababu betri imeangushwa, imebonyezwa, imechajiwa kupita kiasi, au ilitengenezwa vibaya tangu mwanzo, pande mbili hugusana na joto hupanda. Joto hilo huzaa joto zaidi, na katika muda wa sekunde chache betri hutoa moshi, kisha moto. Moshi wake una sumu. Katika nyumba ya nyasi, au katika chumba chenye godoro la sponji na chandarua, hakuna muda wa kutosha wa kutafuta maji.

Mtengenezaji mwaminifu huweka kinga mbili tatu. Kwa mfano, huweka kisahani kidogo cha umeme kinachokata chaji inapofika volti 4.2, na kinachozima betri kabla haijaisha nguvu kabisa. Mtengenezaji asiye mwaminifu hukiacha kisahani hicho ili apunguze gharama. Kwa nje betri zote mbili zinafanana.

Hata waaminifu hukosea. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya Samsung ililazimika kurudisha simu zipatazo milioni 2.5 za aina ya Galaxy Note 7 kwa sababu betri zake zilikuwa zikishika moto. Kampuni yenye maabara na wahandisi wengi ilipata mkosi huo, ikakiri, ikarudisha fedha za watu. Sasa jiulize: betri isiyo na jina la mtengenezaji, iliyopita mikono sita hadi kufika kwenye gulio, ikishika moto wewe utamrudishia nani?

Uongo ulioandikwa kwenye karatasi

Chukua seli ya tochi ya lithiamu, ile ya duara yenye namba 18650. Namba hiyo maana yake ni kwamba upana wake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Seli nzuri ya ukubwa huo kwa kawaida haijazi zaidi ya 3,600 hivi kwa kipimo kinachoandikwa mAh. Lakini sokoni utakuta zimeandikwa 6,800, hata 9,900. Huo ni uongo mtupu. Ni sawa na mtu kukuuzia debe la maharage akaandika juu yake kwamba lina magunia mawili.

Mnunuzi hajui, naye huona namba kubwa akadhani amepata neema. Kumbe mtu aliyethubutu kudanganya juu ya namba anayoweza kuumbuliwa nayo, hatashindwa kudanganya juu ya utando na kisahani ambavyo hakuna atakayeviona. Kwa hiyo namba kubwa kupita kiasi isikupe furaha. Ichukue kuwa ni onyo.

Vilevile kuna betri za zamani zilizotolewa katika kompyuta na simu zilizokufa, zikavalishwa karatasi mpya na kuuzwa kama mpya. Na kuna chaja ile ya kubana ambayo wengi huiita "kobe". Kobe ni fundi wa dharura. Huchaji betri yoyote bila kuiuliza ni ya aina gani wala imejaa kiasi gani. Ukiiacha usiku kucha juu ya kitanda, umemkabidhi usingizi wako mlinzi asiye na macho.

Sumu isiyonukia

Moto unaonekana, na kila mtu atakuja kusaidia. Madhara ya risasi hayaonekani, na ndiyo yanayonitia hofu zaidi.

Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto, kwa vumbi, kwa udongo, kwa vidole vinavyolambwa au kwa chakula, huingia katika damu, katika mifupa na katika ubongo. Mtoto hupungukiwa damu, huumwa tumbo, hukosa choo, huwa mzito wa kuelewa darasani. Ikizidi sana huleta degedege na kifo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2020 UNICEF pamoja na shirika la Pure Earth walitoa taarifa kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana risasi katika damu kwa kiwango kinachohitaji kushughulikiwa. Betri za risasi zinazovunjwa kiholela zilitajwa kuwa miongoni mwa vyanzo vikuu.

Tusidhani hayo ni ya mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 katikati ya makazi ya watu. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi humo, Phyllis Omido, alimwona mwanawe mchanga anaugua asipone. Vipimo vilionyesha kwamba ni risasi. Mama huyo alipigania mtaa ule mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: kuanzia kiwanda kilipofunguliwa hadi hukumu ya mwisho ilipita miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa tayari kijana. Fedha haziwezi kumrudishia utoto wake.

Kisa kingine ni cha Senegal. Huko Thiaroye-sur-Mer, nje ya mji wa Dakar, watu walikuwa wakivunja betri za magari mchangani kwa mikono. Baadaye wakaanza kuchekecha mchanga ule ili wapate vipande vya risasi vya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda. Walikuwa watoto wa akina mama waliokuwa wakitafuta chakula cha jioni.

Kasulu na Kibondo hatuna kiwanda cha namna hiyo, na huenda mtu akasema basi hadithi hizo hazituhusu. Zinatuhusu, kwa sababu kiwanda si lazima kiwe na bomba la moshi. Fundi anayevunja betri nyuma ya kibanda ili apate risasi ya kuuza kwa kilo ni kiwanda kidogo. Mtoto anayechezea betri ya tochi iliyopasuka ni Thiaroye ndogo. Tindikali iliyomwagwa karibu na kisima haitauliza kama wilaya yetu ina viwanda au haina. Tena tochi mbovu zinazokufa baada ya miezi mitatu ni nyingi kuliko betri za magari, na kila moja inaacha kipande chake cha risasi uani, shambani au shimoni.

"Lakini maskini atachagua nini?"

Hapa ndipo penye hoja nzito, na inastahili kujibiwa kwa haki. Watu husema: "Mkulima wa mihogo wa Mabamba au wa Heru Ushingo hana fedha za kununua betri nzuri. Ukiziondoa za bei rahisi, umemrudisha gizani."

Jibu langu la kwanza ni la hesabu. Tuseme tochi mbovu inauzwa shilingi 5,000 na inakufa baada ya miezi mitatu. Katika miaka miwili utanunua tochi 8, yaani shilingi 40,000. Tuseme tena kwamba taa nzuri inauzwa shilingi 20,000 na inadumu miaka miwili. Ni nani aliyetumia fedha nyingi? Ni yule aliyenunua rahisi. Ndiyo maana ya methali, "Rahisi inavunja upishi." Bei halisi hutofautiana toka duka hadi duka, lakini fanya hesabu hiyo kwa bei za kwenu na uone.

Najua ugumu uliopo. Mtu mwenye shilingi 5,000 mkononi leo hawezi kungoja awe na 20,000. Basi tusaidiane. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, na hata jumuiya ndogondogo, vinakopesha kwa ajili ya mbolea na ada za shule. Kwa nini visikopeshe kwa ajili ya taa salama, ikalipwa kidogo kidogo baada ya mavuno ya maharage?

Jibu la pili ni kwamba nafuu na ubovu ni mambo mawili. Mpango wa Benki ya Dunia uitwao Lighting Africa, ulioanza mwaka 2007, ulikuwa ukipima taa ndogo za sola na kuzitenga zilizofaulu na zisizofaulu, na miongoni mwa zilizofaulu zilikuwamo ndogo za bei nafuu. Kwa hiyo inawezekana kutengeneza kitu kidogo, cha bei ya mtu wa kawaida, kisichodanganya. Sitaki tupige marufuku kitu cha bei ndogo. Nataka tupige marufuku uongo.

Jibu la tatu ni la haki. Maskini akiuziwa dawa bandia, sote tunakasirika na kusema muuzaji akamatwe. Hatumwambii mgonjwa, "Ungechagua vizuri." Mbona akiuziwa betri bandia ikamuunguzia nyumba tunamlaumu yeye kwamba alipenda rahisi?

Wenye wajibu ni akina nani?

Nchi yetu ina Shirika la Viwango, TBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Tuna Tume ya Ushindani ambayo kazi yake mojawapo ni kupambana na bidhaa bandia. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Baraza la Mazingira, NEMC. Sheria na vyombo vipo. Ninachoomba ni kwamba visiishie bandarini na mijini. Vifike kwenye magulio yetu na kwenye masoko ya ujirani mwema ya mpakani, ambako mali hupita kwa baiskeli na pikipiki. Afisa akija mara moja kwa mwaka na mizani ya kupimia nyanya, aje pia na kipimo cha betri. Ni kifaa kidogo cha kushika mkononi.

Halmashauri zetu nazo zitenge mahali pa kukusanyia betri zilizokufa. Pasiwe dampo. Pawe na sakafu ya saruji, paa na mlango wa kufungwa, mpaka zipatikane gari na mtu mwenye kibali cha kuzipeleka kunakostahili.

Wafanyabiashara wa jumla wa Kasulu mjini na Kibondo mjini, ninyi mnamjua aliyewauzia. Mwananchi hamjui. Mkikataa katoni moja ya betri zilizoandikwa uongo, mmeokoa vijiji kumi. Mpokee pia betri iliyokufa pale mteja anaponunua mpya, hata kwa kumpunguzia kidogo. Atakuwa na sababu ya kuirudisha badala ya kuitupa.

Walimu, msiwaruhusu watoto kupasua betri kavu ili kupata unga mweusi wa kupaka ubao. Desturi hiyo ni ya zamani, na haikuwa salama hata zamani.

Nyumbani tufanye nini?

Wakati tunawangoja wenye wajibu, kila nyumba inaweza kuanza leo.

1. Usichaji simu, tochi wala pawabenki kitandani, chini ya mto, ndani ya chandarua au juu ya nguo. Weka juu ya sahani ya udongo, tofali au sakafu ya saruji, mbali na nyasi za paa na pazia.

2. Chaji wakati watu wako macho. Ikijaa, itoe.

3. Betri iliyovimba, inayovuja, yenye harufu ya ajabu au inayopata joto bila kutumika, imekwisha. Usiibonyeze irudi umbo lake, usiitoboe, wala usiijaribu tena. Itoe nje ya nyumba, mbali na kitu kinachowaka.

4. Betri ya gari isikae katika chumba cha kulala. Ikae penye hewa inayopita, ndani ya sanduku au nyuma ya kizuizi ambacho mtoto hakifiki. Usiichungulie kwa koroboi wala kiberiti. Maji yake yakipungua, ongeza maji safi ya betri yasiyo na chumvi. Usiongeze tindikali.

5. Wenye mabanda ya kuchajia simu, msilale na betri hizo. Tenganisheni banda na chumba cha familia, na wekeni ndoo ya mchanga na ndoo ya maji karibu.

6. Tindikali isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi.

7. Usitupe betri jikoni kwenye moto, wala chooni, wala kisimani. Zikusanye katika debe kavu lenye mfuniko mpaka zipate pa kwenda. Usivunje betri ya risasi nyumbani, na usitumie chungu kilichoyeyushia risasi kupikia chakula.

8. Ukinunua, tafuta jina la mtengenezaji, alama ya ubora na dhamana. Muuzaji anayekataa kukuandikia risiti amekwisha kukujibu.

Ajali ikitokea

Tindikali machoni au usoni: osha hapohapo kwa maji mengi safi, ukishikilia kope ziwe wazi, kwa dakika zisizopungua 20. Usingoje gari kwanza ndipo uoshe. Usitie maziwa, dawa ya majani wala mate. Kisha nenda hospitali.

Kuungua moto: mwagia maji ya kawaida yasiyo baridi sana kwa dakika 20. Toa pete na nguo isiyoganda. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala ute wa yai. Funika kwa kitambaa safi na uende zahanati. Ikiwa ni uso, mikono, sehemu za siri, au ni mtoto mdogo, usiishie zahanati. Mwahishe hospitali, iwe ni ya Wilaya Kibondo, ya Kabanga kwa walio upande wa Kasulu, au nyingine iliyo karibu nawe.

Betri inayotoa moshi: toa watu kwanza, hasa watoto na wazee. Usiishike kwa mkono na usivute moshi wake. Kama ni ndogo na unaweza bila kuhatarisha maisha, imwagie maji mengi, kisha iangalie kwa muda mrefu, maana huweza kuwaka tena.

Mtoto akimeza kibetri cha duara kama kitufe, kile cha saa, rimoti au mwanasesere: hii ni dharura ya kwanza kabisa. Kikikwama kooni kinaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2, hata kama hakina nguvu ya kuwasha chochote. Usimtapishe. Mkimbize hospitali yenye eksirei. Akiwa na umri wa zaidi ya mwaka mmoja na anaweza kumeza, mpe asali njiani, vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10, visizidi mara 6. Asali tunayo, Kibondo inajulikana kwa asali. Lakini asali haiondoi betri. Inapunguza tu makali wakati mnaelekea hospitali, na asiyekuwa nayo asichelewe kwa kuitafuta.

Neno la mwisho

Ndugu msomaji, wapo watakaosema kwamba tuna matatizo makubwa kuliko betri. Ni kweli tunayo. Lakini hili ni mojawapo ya machache ambayo tunaweza kuyapunguza bila kungoja dawa mpya wala daktari bingwa. Mwenye duka akatae mzigo mbovu. Afisa afike gulioni. Halmashauri itenge mahali. Mzazi aondoe chaja kitandani usiku wa leo. Kila mmoja akifanya sehemu yake, mwanga utabaki nyumbani na hatari itapungua.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani gazeti hili, kisha mpite wote wawili nyumbani kwenu mhesabu betri zilizopo na mtazame ni ngapi zimevimba. Kinga ni bora kuliko tiba.